Rafiki Anapogeuzwa Ndugu: Urafiki wa Wafilipino Kabla na Baada ya Ndoa

Sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa kijiji inapofika, sehemu nyingi za Ufilipino huchezwa mpira wa kikapu. Uwanja wa saruji uko karibu na ofisi ya barangay, ngazi ya chini kabisa ya serikali, mfano wa mtaa au kijiji kwetu, na mara nyingi umeezekwa mabati ili mvua isivunje mchezo. Katika mechi za siku hizo kuna moja yenye ladha yake: binata dhidi ya pamilyado. Binata ni kapera. Pamilyado ni mwanamume mwenye familia. Watu waliosoma darasa moja, waliofundishana kurusha mpira kwenye uwanja huohuo, wanatenganishwa huku na huku kwa sababu moja tu, kwamba huyu ameoa na yule bado.

Mchezo ni wa kujifurahisha, lakini mgawanyo ni wa kweli. Kuna mstari unaopita katikati ya marafiki wa Kifilipino, na kila mtu mzima anajua amesimama upande gani. Kwa sisi tunaosomesha mambo ya familia, swali linalosumbua ni nini kinatokea kwenye urafiki mtu anapouvuka mstari huo, na yule aliyebaki ng'ambo analipa gharama gani.

Wanasosholojia wa Magharibi wana jibu lao. Mwaka 1974 Lewis Coser aliandika juu ya taasisi zenye ulafi, zile ambazo hazitosheki na sehemu ya mtu bali humtaka mzima mzima. Mwaka 2006 Naomi Gerstel na Natalia Sarkisian wakaipeleka fikra hiyo kwenye ndoa za Marekani, wakaonyesha kwamba walio kwenye ndoa huwatembelea ndugu, majirani na marafiki mara chache zaidi kuliko makapera. Ndoa, kwa maelezo yao, inakula muda na moyo ambao zamani uligawiwa wengi.

Hoja ni nzuri, lakini Ufilipino haiingii humo vizuri. Hoja hiyo inachukulia kwamba mtu asiye na ndoa ni mtu huru, mwenye mshahara wake na jioni zake. Manila mtu wa namna hiyo ni wa kutafuta. Binti wa miaka 32 ambaye hajaolewa mara nyingi bado anaishi kwa wazazi wake, na yeye ndiye anayelipa umeme, ada ya mdogo wake na dawa za shinikizo la damu za baba. Anafanya hivyo kwa sababu ya kitu kinachoitwa utang na loob, deni la fadhila linalokaa ndani ya nafsi na ambalo hakuna siku linaisha. Familia ilianza kumla kabla ndoa haijabisha hodi.

Kwa hiyo tofauti kati ya kapera na mwanandoa haiko kwenye wingi wa muda. Iko kwenye haki ya kusema hapana. Mwenye ndoa anayo sentensi moja inayofunga mjadala wowote: "May pamilya na ako", nina familia sasa. Akisema hivyo, marafiki wanamwacha aende zake, na bosi naye anamwelewa. Asiye na ndoa hana sentensi ya kumwokoa. Zamu ya usiku wa Krismasi anapangiwa yeye, na anaambiwa bila kificho, "Wala ka namang pamilya", wewe si huna familia. Anaambiwa maneno hayo mtu anayelisha watu sita. Mimi naona ni dhuluma, na inazidi kuuma pale inapotoka mdomoni mwa rafiki.

Turudi nyuma kidogo, kwenye urafiki wenyewe kabla ndoa haijauingilia. Kikundi cha marafiki wa rika moja huitwa barkada. Neno limetoka kwa Wahispania, nalo asili yake ni watu waliojaa chombo kimoja cha baharini. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Anajua mtu anavyomjua mwenzake mkishakuwa ndani ya jahazi moja na bahari imechafuka. Barkada huundwa sekondari au chuoni, na pengine hukaa pamoja hadi uzeeni. Virgilio Enriquez, mwanasaikolojia aliyeanzisha katika miaka ya 1970 mkondo wa saikolojia ya Kifilipino ulioandikwa kutoka ndani ya lugha ya watu wenyewe, alieleza kwamba Wafilipino huwagawa watu katika mafungu mawili: ibang tao, mtu baki, na hindi ibang tao, mtu asiye baki. Mtu baki anapewa adabu. Asiye baki anapewa ukweli. Kwa Wafilipino wengi barkada ndiyo mahali pa kwanza nje ya nyumba ya wazazi ambapo mtu anaacha kuwa baki.

Ukitaka kuona jambo hili kwa macho, tazama tagay, unywaji wa pamoja. Viti vya plastiki vimezungushwa mbele ya nyumba, chupa iko katikati, na glasi ni moja tu. Mmoja wao, anayeitwa tanggero, anamimina kipimo, anampa wa kwanza, anasubiri ameze, anaichukua glasi, anamimina tena kwa wa pili. Hakuna anayekunywa kwa mwendo wake. Pembeni kuna pulutan, vitafunwa vya kusindikiza: karanga zilizokaangwa kwa kitunguu saumu, au nyama ya kichwa cha nguruwe iliyokatwakatwa ikanyunyiziwa ndimu. Mhandisi na dereva wa pikipiki wanapokea kipimo kilekile. Glasi inapita mara tano, mara sita, na ndipo mtu anasema lililomleta: amefukuzwa kazi, mama yake ana uvimbe, anampenda mtu asiyempenda.

Halafu simu inaita. Mmoja anaitazama, anainuka, anakwenda kuongea kando ya ukuta. Akirudi tu wenzake wanamkaribisha kwa neno moja: "Ander!" Ni ufupi wa ander de saya, aliye chini ya sketi, mume anayetawaliwa na mke. Kila mtu anacheka, na yeye anacheka, lakini sasa ana mtihani. Akiondoka amethibitisha neno. Akibaki, nyumbani kuna mtu anayehesabu saa. Jean-Paul Dumont, mwanaanthropolojia aliyeandika mwaka 1993 juu ya barkada za wanaume wa visiwa vya Visaya, alizihusisha na namna mwanamume anavyojionyesha kuwa mwanamume. Ndiyo maana mume anaendelea kukalia kiti chake hata baada ya kuoa: jamii inamwacha akikalie, inamtania tu. Lakini urafiki wake umebadilika kimyakimya. Anaanza kuja na kuondoka kwa saa. Shida za nyumbani hazileti kwenye duara, kwa kuwa zinamhusu mke ambaye wote wanamfahamu. Anayezungumza sana ni kapera. Mwenye ndoa anakunywa, anasikiliza, anatania.

Mwanamke aliyeolewa hata kiti hicho hana. Marafiki zake wanakuwa majirani, akina mama wanaosubiri watoto getini mwa shule, na wenzake wa paluwagan, ambayo ni upatu kama huu wetu: kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na kila zamu mmoja anaondoka na chungu chote. Huu ni urafiki wa maana sana. Ndio unaolipa ada shule zinapofunguliwa, ndio unaokopesha mchele, ndio unaomshika mtoto mama akienda kliniki. Sitaudharau. Lakini ni urafiki wenye shughuli ndani yake, na mwanamke anachunga ulimi mbele ya watu ambao fedha yake iko mikononi mwao. Msiri wake wa zamani, yule aliyekuwa akimwambia yasiyosemeka, yuko wapi?

Mara nyingi amefanywa ndugu. Na hapa ndipo Ufilipino inapotofautiana kabisa na Marekani ya Gerstel na Sarkisian. Katika nchi ambayo, kwa sensa ya mwaka 2020, Wakatoliki walikuwa karibu 79 katika kila watu 100, ndoa haimtupi rafiki nje. Inamwingiza kanisani na kumbadilisha cheo. Siku ya harusi rafiki anapewa mshumaa, shela au kamba ya kuwafunga maharusi. Mtoto akizaliwa, rafiki anakuwa baba wa ubatizo, ninong, au mama wa ubatizo, ninang. Tangu siku hiyo yeye na wazazi wa mtoto wanaitana kumpare na kumare, maneno yaliyotoka kwenye Kihispania, yaani wazazi-wenza. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 873, inaridhika na msimamizi mmoja, au mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Wafilipino huongeza, wakati mwingine hadi kumi na zaidi, maana kila mwanabarkada anastahili nafasi yake. Donn Hart aliandika kitabu kizima juu ya udugu huu mwaka 1977, na aliyekisoma anaelewa kwamba ni mtandao wa kijamii wenye nguvu kupita vyama vingi vya siasa. Kukataa ukiombwa ni aibu, na wengine wanaamini ni mkosi.

Wasomi wengi wameusifu utaratibu huu, nami nausifu. Ni hekima kubwa kuchukua kitu dhaifu kama urafiki wa ujanani na kukifunga kwa kamba ya dini ili kisiliwe na miaka. Ila urafiki ukishakuwa udugu unapata sheria za udugu. Kumare wako huwezi kumwambia kwamba unajuta kuolewa. Yeye ni mama wa pili wa mwanao, na alikuwepo madhabahuni. Unamheshimu zaidi na unamwambia machache zaidi. Kati ya kumpare na kumpare kuna misaada, mikopo, kura za uchaguzi, nafasi za kazi kwa vijana. Kumimina moyo kunapungua.

Sasa msimamishe katika picha hiyo mwanamke ambaye hakuolewa. Barkada yao walikuwa saba. Sita wameolewa. Yeye ni ninang wa watoto kumi na moja. Kijijini wanamwita matandang dalaga, msichana mzee, mbele yake au nyuma yake, na kila mkusanyiko wa ukoo lazima shangazi mmoja amuulize ataolewa lini. Septemba inapoingia nyimbo za Krismasi zinaanza madukani, maana Wafilipino huanza msimu wao mapema kuliko taifa lolote ninalolijua. Desemba anakwenda benki kuchukua noti mpya, zisizo na mkunjo, anazitia kwenye bahasha ndogo moja moja. Tarehe 25 asubuhi watoto wanafika. Kila mmoja anauchukua mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso wake, "Mano po", ishara ya heshima iliyo ndugu wa shikamoo yetu. Kila mmoja anaondoka na bahasha. Mama zao wanamkumbatia, wanauliza habari za kazi, wanapiga picha. Saa sita mchana wamekwenda kwa wakwe.

Nimeieleza kwa urefu kwa sababu ndiyo sura ambayo takwimu haziionyeshi. Kwa karatasi mwanamke huyu ana marafiki wengi mno, tena waliofungwa naye kwa sakramenti. Kwa kweli urafiki umekuwa barabara ya njia moja. Yeye anatoa zawadi, ada ya dharura, kitanda kwa kijana anayekuja kusoma Manila. Kurudishiwa kwake kungekuwa nini? Hana mtoto wa kubatizwa, hana harusi ya kuchangiwa. Mfumo wa kufadhiliana uliojengwa juu ya hatua za maisha unamsahau mtu ambaye hatua hizo hazimfikii. Mwanamume kapera anapata unafuu, kwa kuwa viti vya tagay havijaondolewa.

Kuna jambo la lugha hapa ambalo kila mara hunisimamisha. Kitagalogi, kama Kiswahili, hakitofautishi mwanamke na mwanamume katika neno yeye, wanasema siya. Kinakwenda mbali kuliko sisi: mume na mke wote ni asawa. Ungetegemea sheria nayo iwe hivyo. Lakini kanuni ya adhabu ya mwaka 1930, ambayo bado inatumika, humtia hatiani mke kwa tendo moja la zinaa na kumpa kifungo kinachoweza kufika miaka 6. Mume hahukumiwi kwa tendo hilo peke yake. Lazima awe amemweka hawara ndani ya nyumba ya ndoa, au ameishi naye kwingine, au amezini naye katika mazingira ya kashfa, na adhabu yake ni ndogo. Siwezi kudai kwamba mke anafungua kitabu cha sheria kabla ya kunywa kahawa na mwanamume aliyesoma naye. Ila sheria na masengenyo vinasema jambo moja, na urafiki wa mke na wanaume wa barkada yake ya zamani ndio wa kwanza kukatika. Wa mume na wasichana wa zamani hukatika pia, polepole zaidi.

Na ndoa yenyewe haina mlango wa kutokea. Ufilipino, ukiiacha Vatikani, ndiyo nchi pekee isiyo na talaka kwa raia wake wengi. Waislamu wanayo, kwa amri ya rais ya mwaka 1977. Wengine wana utengano wa kisheria usioruhusu kuoa tena, au kesi ndefu na ghali ya kuthibitisha mahakamani kwamba ndoa ilikuwa batili tangu mwanzo. Mei 2024 bunge la wawakilishi lilipitisha muswada wa talaka, lakini Seneti haikuupitisha. Matokeo yake kuna kundi la tatu ambalo mechi ya kikapu haina timu yake: walioachana. Kwa sheria wana ndoa, kwa maisha hawana. Ninaamini hawa ndio wanaohitaji marafiki kuliko wote, na ndio wanaowaogopa kuliko wote, kwa kuwa kila rafiki ni kumpare wa mume wao. Wengi wao wanarudi kwa yule asiyeolewa. Ndiye mwenye chumba, na ndiye asiyekuwa na mume wa kumuuliza mgeni ataondoka lini.

Wasomaji walioko Muscat, Dubai na Doha wanaijua sura nyingine ya mambo haya vizuri kuliko ninavyoijua mimi. Wafilipino zaidi ya milioni 2 wanafanya kazi ng'ambo, sehemu kubwa yao Ghuba, na wanawake ni zaidi ya nusu. Mfanyakazi wa ndani au muuguzi aliyeacha mume na watoto watatu kwao Iloilo ni mwanandoa kwenye pasipoti yake, lakini urafiki wake umerudi kuwa wa kapera. Hong Kong, ambako sheria inampa mfanyakazi wa ndani siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, Jumapili maelfu yao hujaa mitaa ya Central. Wanatandaza maboksi yaliyokunjuliwa, wanavua viatu na kuvipanga pembeni, wanakula kutoka kwenye makopo, wanasukana nywele, wanafunga mizigo ya kupeleka nyumbani. Aliyeolewa na asiyeolewa wameketi kwenye boksi moja. Wote wanatuma fedha, wote hawana wa kulala naye ubavuni, na wote jioni wanarudi kwenye nyumba za watu. Ule mstari wa uwanja wa kikapu haupo. Hapo ndipo ninapopata ushahidi kwamba si pete inayowanyamazisha wanandoa wa Kifilipino. Ni nyumba, ukoo na macho ya majirani. Ukiviondoa hivyo, mke wa miaka 45 anazungumza na rafiki yake kama alivyozungumza akiwa na miaka 17.

Naye mtoto aliyebaki Iloilo analelewa na nani? Rhacel Salazar Parreñas, katika kitabu chake cha mwaka 2005 juu ya watoto wa wahamiaji, alionyesha kwamba mama akiondoka, mara nyingi kazi ya malezi haimwangukii baba bali wanawake wengine wa ukoo: bibi, binti mkubwa, shangazi. Yule asiyeolewa tena.

Mambo yanabadilika, na yanabadilika upesi. Mwaka 2017 mwanamke wa Kifilipino alikadiriwa kuzaa kwa wastani watoto 2.7 maishani mwake. Mwaka 2022 ikawa 1.9. Wanaoishi pamoja bila kufunga ndoa wameongezeka sana tangu miaka ya 1990. Wachache wanaangalia maana yake kwa urafiki. Ubatizo ukipungua, kumpare na kumare wanapungua. Ile mashine iliyokuwa ikiwageuza marafiki kuwa ndugu inaanza kukosa malighafi, wakati idadi ya wanaofika miaka 40 bila ndoa inaongezeka. Wafilipino watalazimika kuwa na urafiki wa watu wazima usiohitaji padri wala mtoto ili uhesabike, na bado hawajaupa jina. Nadhani watauweza. Taifa lililobuni duara la glasi moja halishindwi.

Mpaka hapo, nina ombi moja, na nalielekeza pia kwa wasomaji wangu wa Mwanza, Mombasa na Bujumbura, kwa kuwa mama wa ubatizo wa mtoto wako anaweza kuwa rafiki huyohuyo niliyemweleza. Usimngoje Desemba. Mpigie simu Machi, siku isiyo na sherehe wala mchango, umuulize yeye anaendeleaje, kisha unyamaze umsikilize.